Swali la Thelathini na Moja

9 Januari

Mwalimu wangu, shikamoo.

Najua bahasha hii utaitazama kwanza kwa nje, upande wa muhuri, uone imechelewa kiasi gani, ndipo uifungue. Usijisumbue. Niliianza kabla mwaka haujaisha, ikalala kwenye droo chini ya rasimu za watu wengine. Kosa ni langu, si la posta.

Awamu mpya imeanza. Wahojaji wameshaingia miji yote sita na mizani zao, kamba za kupimia na dodoso lako, wanabisha hodi kwa wazee waliovuka sabini. Wafadhili walitaka tuache kwenda majumbani, tuwahoji wazee kwa simu, eti dunia imebadilika. Nikawaambia kwamba mwanzilishi wa utafiti huu alitufundisha kuwa mzee ukimuuliza kwa simu kama anaweza kusimama bila kushika kiti, atakwambia anaweza, na huku amekaa. Wakacheka, wakaniachia. Umeniokoa bila kujua.

Swali la thelathini na moja nimelibakiza neno kwa neno: "Ukiugua usiku, utampigia simu nani aje?" Na kanuni yako ipo palepale. Katika kila wazee kumi tunamchagua mmoja kwa bahati nasibu, kisha tunampigia yule mtu aliyemtaja, tuhakikishe yupo na kwamba angekuja. Vijana wananiuliza tunajisumbulia nini. Nawaambia ukipima upweke kwa maneno ya mpweke mwenyewe, utaambiwa nyumba imejaa.

Nimehamia ofisini kwako, kwenye kiti chako kinacholia ukiegemea kushoto. Waliniuliza kama nataka kingine, nikakataa. Chakula cha mchana nakula hapohapo juu ya makaratasi, maana wa rika langu wana watu wa kuwawahi nyumbani, na vijana wananiogopa. Usinionee huruma. Nafanya kazi vizuri nikiwa peke yangu.

Mwezi wa nne nakuja kukuona. Ndiyo, mwaka jana pia nilisema hivyo. Safari hii nimeandika kwenye kalenda kwa wino.

Mwanafunzi wako,
Bi Asilimia


20 Januari

Bi Asilimia,

Marahaba. Niliutazama muhuri, bila shaka, na nimekusamehe nusu.

Huku ni kuzuri. Nyumba aliyoniachia marehemu mke wangu ni ndogo lakini haina nafasi ya upweke. Jirani wa kushoto, fundi saa mstaafu, kila jioni yuko hapa na ubao wake wa drafti, na akishindwa husingizia miwani. Jirani wa kulia huniletea supu hata nisipoomba. Mtu hata kuugua hapati wasaa.

Juzi mwenye duka aliniuliza maisha yangu yote nilikuwa nafundisha nini. Nikamwambia epidemiolojia ya uzee. Akauliza hiyo ni dawa gani. Nikasema si dawa, ni kuhesabu: nani anazeeka vipi, anaugua nini, anakufa lini, na kwa nini jirani yake wa umri uleule bado anapanda ngazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo mlikuwa mnatuhesabu tukifa." Nikalipia sabuni yangu nikaenda zangu.

Umefanya vyema kuikatalia simu. Mimi simu naiona ni chombo cha kuulizia hali na kudanganyana kuhusu hali hiyo. Sasa wakumbushe wahojaji wako mambo mawili wasiyopenda kuyakumbuka. Ndugu wa watafiti hawaingii kwenye utafiti, na watafiti wenyewe wakizeeka hawaingii. La pili ni lako wewe: mshiriki usimjue. Kwako awe namba tu. Mtafiti akishamjua mshiriki, mkono wake huanza kuandika majibu anayomtakia.

Mwezi wa nne, karibu. Lakini kazi ikikubana, usijilazimishe. Nina watu tele.

Mwalimu wako


2 Februari

Dada, shikamoo.

Nimefanya jambo la kipumbavu, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu, nakuletea wewe kwanza.

Jumanne mlango uligongwa. Nikafungua, nikamkuta binti na mkoba wa kijani. Mkoba ule rangi yake niliichagua mimi, nikiwa na nywele. Alikuwa mhojaji wa utafiti wangu, na namba ya nyumba yangu ilikuwa imetoka kwenye bahati nasibu ya mji huu. Nilipaswa kumwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyeanzisha kazi hii, kanuni hairuhusu, nenda nyumba ya pili." Nikafungua mdomo kusema hivyo, nikajisikia nikisema, "Karibu, ingia."

Dada, tangu fundi bomba aje kutazama sinki, hakuna mtu aliyekuwa ameingia humu. Na yule hakukaa. Huyu alivuta kiti akakaa mezani kwangu, akatoa kalamu, akanitazama usoni. Alipouliza kazi niliyokuwa nikifanya nikasema mwalimu mstaafu, na huo si uongo mkubwa. Akanipima uzito. Akaniambia nisimame na kukaa mara tano bila kushika kitu, nikasimama huku goti likilalamika kama bawaba. Kila swali nililijua kabla hajalisoma, maana mengi niliyaandika mwenyewe, lakini sikuwahi kuulizwa hata moja. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tukafika la thelathini na moja. Ukiugua usiku, utampigia nani aje? Yale ya majirani ninayomwandikia Bi Asilimia wewe unayajua. Fundi saa alihamia kwa mwanawe mwaka jana. Wa kulia aliniletea supu mara moja tu, akidhani mpangaji wa zamani bado yupo, na aliponiona aliniachia kwa aibu. Yule binti alikuwa ananingoja na kalamu yake, hana haraka. Nikataja namba ya simu ya Bi Asilimia.

Majina hawaandiki, kwa kanuni. Wanaandika namba ya simu na uhusiano. Akauliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema, "Binti yangu." Lilitoka lenyewe, kama vile lilikuwa limekaa nyuma ya meno.

Sasa wanawapigia simu mmoja katika kila kumi. Maisha yangu yote nimekula kwa jasho la bahati nasibu, na leo naiomba inipite.

Mdogo wako,
Kitinda


12 Februari

Kitinda,

Marahaba. Mtu mzima na profesa wa watu, unamdanganya mtoto wa shule aliyetumwa na mizani. Nimecheka mpaka mpangaji wangu akaja kuangalia kama nimepaliwa. Kisha nikaisoma tena, na mara ya pili sikucheka.

Kwanza nikuulize, mimi dada yako wa tumbo moja umenipitaje? Lakini sina ugomvi. Usiku nikishavua kifaa cha sikio, hata paa liondoke nitaamka asubuhi nishangae mwanga. Na kutoka hapa kwako ni safari ya siku nzima. Ungekuwa umeshapona au umeshazikwa.

La pili ndilo la maana. Mwambie huyo Bi Asilimia wako. Mwambie, "Nimekutaja, na nimekuita binti." Mficha uchi hazai, na mimi niliyezalisha wanawake miaka arobaini nakwambia hilo si fumbo, nimeliona kwa macho. Walikuwa wanakuja wamebana miguu, wananiambia hawaumwi. Wewe umebana miguu, mdogo wangu. Unamwandikia kuhusu supu isiyokuwepo, halafu unasikitika haji. Aje kufanya nini kwa mtu mwenye watu tele?

Goti lako lipashe kwa chupa ya maji moto. Usitumie ile dawa ya kupaka ya mwenye duka, inanuka tu.

Dada yako


3 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Leo nina hadithi yako. Nilikuwa kwenye kikao, simu ikalia, nikatoka nje kupokea. Sauti ya kijana ikaanza kusoma: "Habari za mchana. Nakupigia kutoka utafiti wa afya za wazee. Kuna mshiriki aliyekutaja kuwa mtu atakayempigia simu akiugua usiku." Nikamwacha amalize aya nzima, maana alikuwa anaisoma vizuri. Kisha nikamuuliza, "Unajua unaongea na nani?" Maskini, hakujua; ana wiki mbili kazini, hupewa namba tu na kuipiga. Nadhani mpaka sasa hajala.

Nikamwambia aendelee kama kanuni inavyotaka. Akasoma: "Mshiriki anasema wewe ni binti yake. Je, ni kweli?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Namba yangu imechapishwa nyuma ya kile kikaratasi tunachowaachia wazee wote, ya kupigia wakiwa na malalamiko. Kuna mzee ameulizwa swali la thelathini na moja, hana wa kumtaja, na kikaratasi kiko mezani mbele yake. Akaisoma ile namba, akajitungia na binti. Mwaka juzi mmoja alitaja namba ya zahanati akasema ni mjomba wake.

Nikafanya ulivyonifundisha. Sikuuliza ni mzee gani, wala wa mji upi. Baba yangu nilimzika nikiwa darasa la nne, mimi si binti wa mtu. Nikajibu, "Hapana, si kweli. Andika hana mtu." Kijana akaandika, nikarudi kikaoni.

Lakini nilikaa kwenye kile kikao nisisikie kitu. Nilikuwa namfikiria huyo mzee na binti yake wa kwenye kikaratasi. Wiki ijayo atapokea ile barua uliyoitunga wewe, na saini itakuwa yangu. Ungekuwa wewe ungejibu vingine?

Supu ya jirani inaendeleaje? Mwezi wa nne unakuja, kalenda bado ina wino.

Mwanafunzi wako,
Bi Asilimia


10 Machi

Kwa Mshiriki Na. 1187

Ndugu Mshiriki,

Tunakushukuru kwa kushiriki katika utafiti wetu wa afya za wazee.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba mtu uliyemtaja katika swali la thelathini na moja hakuthibitisha uhusiano wenu. Kwa sababu hiyo, umewekwa katika kundi la washiriki wasio na mtu wa karibu. Hali hii si kosa wala si aibu, na huwapata wengi katika umri wako.

Tunakushauri ujitambulishe kwa majirani zako, na uwe na kengele au filimbi karibu na kitanda. Endapo una swali lolote, tafadhali piga namba iliyo nyuma ya kikaratasi ulichoachiwa.

Wako katika huduma,
Mkuu wa Utafiti


25 Machi

Bi Asilimia,

Marahaba. Umeuliza kama ningejibu vingine. Nisingejibu vingine. Uliulizwa swali la ndiyo au hapana, ukatoa jibu la kweli, hukumtafuta mshiriki. Ndivyo kazi inavyofanywa, na ningekuona umepotoka kama ungefanya kinyume.

Nina sahihisho moja dogo, nalo si lako, ni langu la miaka thelathini na mitano iliyopita. Katika ile barua ya washiriki, ondoeni filimbi. Mtu asiye na mtu, filimbi ataipulizia nani? Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani nilikuwa na njaa, nataka kumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu mwezi wa nne, naona bora tuahirishe. Fundi saa ana wageni na ameniomba niwasaidie, na nyumba nataka kuipaka rangi. Itakuwa fujo tupu, hutapata pa kukaa. Tutapanga tena mwaka ukitulia.

Kula chakula mbali na makaratasi.

Mwalimu wako


26 Machi

Dada, shikamoo.

Bahati nasibu haikunipita. Walimpigia Bi Asilimia. Akaulizwa kama ni binti yangu, akasema hapana. Hakujua ni mimi. Alidhani ni mzee fulani aliyeokota namba yake kwenye kikaratasi cha malalamiko. Kisha akaniandikia kisa chote, kama hadithi ya kunichangamsha. Simlaumu. Kila hatua aliyoichukua nilimfundisha mimi.

Halafu ikaja barua. Nilipowatungia washiriki barua hiyo nilikuwa na miaka thelathini na minane. Wazee kwangu walikuwa watu wa upande wa pili wa meza. Niliiandika asubuhi moja, nikaona nimeandika kwa upole kabisa. "Hali hii si kosa wala si aibu." Nimeisoma nikiwa nimesimama karibu na mlango, na saini ya mtoto huyo chini yake, na nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikaikunja nikaiweka chini ya redio.

Nimemwandikia asije. Akija ataona ubao wa drafti alioniachia fundi saa hauna hata kete, na nitalazimika kueleza. Heri anidhanie nina watu. Kwa kweli, Dada, mtu akishakuandikia kwamba yeye si binti wa mtu, utamfuata kumwambia nini?

Nyumba imekuwa kimya sana wiki hii. Nasikia friji ikianza na ikiacha. Usinijibu kwa methali.

Kitinda


6 Aprili

Kwa Bi Asilimia,

Mwanangu, hujambo. Tulionana mara moja, siku ya kumuaga mdogo wangu chuoni. Ulikuwa umevaa viatu vilivyokubana, nikakwambia uvivue chini ya meza, ukavivua. Mimi ndiye yule bibi.

Ninyi wasomi mna kanuni za kufichana. Mimi nilikuwa mkunga, sikutia saini karatasi yenu yoyote, kwa hiyo naongea. Yule mzee aliyekutaja, ukamkana kwenye simu, ni mwalimu wako. Bahati nasibu yenu iliangukia mlango wake naye akashindwa kumfukuza mhojaji, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza kukaa mezani kwake baada ya muda mrefu sana. Ndiyo, amevunja kanuni yake mwenyewe. Namba yako hakuitoa kwenye kikaratasi chochote. Ameibeba kichwani. Na neno binti hakulitunga hapo, mimi huwa ananiandikia hivyo miaka yote, "binti yangu kafaulu", "binti yangu kapewa ofisi". Wewe ndiye hukuambiwa.

Fundi saa hayupo. Supu haipo. Rangi ya nyumba ni uongo, hana hata brashi. Amekuzuia kuja kwa sababu anaona haya.

Sikwambii cha kufanya. Mimi nina miaka themanini na moja na miguu yangu imeishia getini. Ningeweza kwenda, nisingekuandikia, ningeshafika.

Yeye hajui kama nimekuandikia. Akijua atanuna. Tangu utotoni ananuna kwa siku mbili, kisha anasahau.

Dada wa mwalimu wako


14 Aprili

Mwalimu, shikamoo.

Dada yako ameniandikia. Usimnunie.

Nimeisoma barua yake nimesimama kwenye korido na wanafunzi wakipita. Kisha nikaingia ofisini nikafunga mlango. Niliona aibu kwanza, halafu nikalia, na nilipomaliza kulia nilikasirika. Miaka yote hii umeniandikia kuhusu supu. Mimi nakwambia nala juu ya makaratasi, nafanya kazi vizuri peke yangu, wewe unaniambia nyumba imejaa. Wataalamu wawili wa upweke, na hakuna aliyemjibu mwenzake ukweli. Mhojaji wetu angeleta majibu kama hayo ningemrudisha nyumba hiyohiyo.

Nimejiuliza swali la thelathini na moja mwenyewe. Niliketi kwenye kiti chako na kalamu mkononi, nikajipa muda ule tunaowapa wazee. Ukiugua usiku, utampigia nani aje? Nilitazama dari. Jina lililokuja lilikuwa moja tu, la mzee wa miaka sabini na tatu mwenye goti bovu, aliye mbali kwa saa nne za basi. Sijui ungefikaje. Lakini ni wewe ningekupigia.

Sasa ya kikazi. Nimeshakujua, kwa hiyo huwezi kubaki kwenye utafiti. Jibu nililolitoa kwenye simu siwezi kulibadilisha. Wewe ndiye uliyesema jibu likishaandikwa halifutwi hata likiuma, kwa hiyo litabaki pale kama lilivyo. Nilichoweza ni kukuondoa. Unakumbuka sababu za kumwondoa mshiriki, maana ulizipanga mwenyewe: amefariki, amehama, amekataa, hapatikani, ni ndugu wa mtafiti. Nimeweka alama kwenye ya mwisho. Panapotakiwa kutajwa undugu, nimeandika: baba.

Karani wa takwimu amekuja kunirudishia. Amesema kwa heshima kwamba nimekosea, kwa sababu idara nzima inajua baba yangu alikufa zamani. Nimemwambia aingize kama ilivyoandikwa.

Uliniandikia nisije. Nimeisoma na sitaitii. Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nitakaa siku mbili tu, ndizo nilizopewa, na usipike wala usipake rangi. Ubao wa drafti nauleta mimi, na kete zake.

Bi Asilimia


29 Aprili

Bi Asilimia,

Marahaba. Umesahau kitambaa chako cha shingoni kwenye msumari wa mlango. Nilitaka kukutumia na barua hii, kisha nikaona kitakuharibia sababu ya kurudi. Nimekiacha palepale.

Dada nilimnunia siku moja na nusu. Umri umenipunguzia nguvu.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nakwambia ilivyokuwa. Basi lako lilipokata kona nilirudi ndani nikaosha vikombe viwili, nikakaa. Nilidhani kuja kwako kutaipunguza nyumba hii ukimya, kumbe kumeuongeza. Siku ya kwanza sikuweza kula. Kiti ulichokalia sijakirudisha chini ya meza, nakizunguka nikienda jikoni. Kete nimezipanga upande wako pia, na hakuna wa kuzisogeza. Sisemi haya ili urudi kesho. Najua kazi yako, na najua saa nne ni saa nne. Nasema kwa sababu ulipokuwa hapa uliniuliza ninavyoishi, na ulinipa muda wa kujibu.

Kuhusu juzi usiku. Sikuwa naumwa. Nilitaka tu kujua namba yako inaita. Nikapiga, nikaogopa, nikakata kabla haijaita vizuri, na kabla sijaiweka simu mezani ikanililia mkononi. Ukauliza, "Unaumwa?" Nikasema siumwi. Ukauliza, "Nije?" Nikasema usije, ni mbali. Baada ya hapo hukusema kitu, na mimi sikusema kitu, na hakuna aliyekata. Katika dodoso letu hakuna mahali pa kuandika jambo la namna hiyo. Tulilisahau.

Katika ule ukimya nilisikia kiti kikilia, ule mlio wa kuegemea kushoto. Nilikaa kwenye kiti hicho miaka mingi, siwezi kuukosea. Watu wote wameshalala na wewe bado uko ofisini.

Nenda nyumbani, mwanangu. Ukifika, hata iwe saa ngapi, nipigie. Simu nimeihamishia karibu na kitanda.

Mwalimu wako,
na kile ulichoandika kwenye ule mstari